Kalamu ikinyanyuliwa, dhima inakwenda wapi?

Kila mwanafunzi wa madrasa anajua kwamba mwendawazimu hana dhambi mpaka apone. Kalamu ya kuandika makosa yake imenyanyuliwa. Tusilolifundisha, na sijui kwa nini, ni dhima ile inakwenda wapi. Mtu huyu bado anahitaji kula, kuvaa na kutibiwa. Katika Suratun-Nisaa tumeamrishwa wasiokuwa na akili timamu tusiwaachie mali, bali tuwalishe, tuwavishe na tuseme nao kwa wema. Kwa hiyo dhima haikufutika, imehamia kwetu.

Tutazame wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara. Hospitali ya taifa ya maradhi ya akili, Mirembe, iko Dodoma tangu mwaka 1927. Iliyo karibu zaidi ni Haydom, wilayani Mbulu, hospitali ya Walutheri iliyofunguliwa mwaka 1955, ambayo hutibu pia wagonjwa wa akili na wa kifafa. Wanastahili shukrani (na sisi tunastahili kujiuliza). Lakini hata Haydom ni mbali kwa anayekaa upande wa pili wa Mlima Hanang, na maradhi haya hayatibiwi kwa safari moja. Kifafa kinataka dawa kila siku. Ikikatizwa ghafla, degedege hurudi kwa nguvu. Nauli ikikosekana mwezi mmoja, matibabu yote yameharibika.

Tarehe 3 Desemba 2023 tope liliteremka kutoka mlimani likaingia Katesh na vijiji vya jirani, wakafa watu zaidi ya 80. Tulichanga unga na mablanketi, jambo jema. Je, aliyezika familia yake na sasa analala kwa msaada wa gongo, naye tumchangie?

Hapa ndipo ndugu zetu wengi wanapokataa. Wanasema mlevi amejitakia. Pombe ni haramu, hilo halina mjadala. Lakini katika Bukhari imo habari ya mtu aliyeletwa mbele ya Mtume (S.A.W.) mara kwa mara kwa ulevi, akaadhibiwa. Sahaba mmoja alipomlaani, Mtume alimkataza, akashuhudia kwamba mtu yule anampenda Allah na Mtume Wake. Adhabu ilitolewa, na mtu hakutupwa.

Tena tabibu atakwambia kwamba mlevi wa miaka mingi akiacha ghafla bila uangalizi anaweza kupata degedege, kuchanganyikiwa, hata kufa. Tunayemwambia "acha leo" kisha tukaondoka, tumemwamrisha wema au tumemhatarisha? Na mara nyingi mgonjwa wa akili na mlevi ni mtu yule yule, anakunywa ili kunyamazisha anayoyasikia kichwani. Kumpeleka huku kwa akili na kule kwa ulevi ni kumpoteza njiani. Anahitaji muuguzi mmoja, katika zahanati ya kijiji chake, anayejua yote mawili na mwenye dawa kabatini.

Wakfu wa Sultani Qalawun, Cairo, mwaka 1284, uligharimia hospitali iliyowapokea wagonjwa wa akili pamoja na wengine. Misikiti yetu ya Arusha na Dar es Salaam huchangisha kwa ajili ya mazulia na vipaza sauti. Imamu atakayesimama Ijumaa hii akaomba nauli na dawa za mgonjwa mmoja wa Hanang kwa mwaka mzima, waumini watamwelewa?