Kamera Ilipofumba Jicho

Jumatatu usiku niliiruhusu kamera ya sebuleni isasishe programu yake. Katikati, umeme ukakatika. Uliporudi, taa nyekundu inapepesa tu, picha hakuna.

Nikachomoa waya, nikabonyeza kitufe cha kurudisha mipangilio ya kiwandani kwa sekunde 10, nikapakia faili la programu kwenye memori kadi. Wapi! Ya zamani imeshafutika, mpya haijakamilika.

Mwenzenu nilikuwa nasasisha kwa woga. Mwaka 2016 kirusi kiitwacho Mirai kiliteka kamera nyingi zilizoachwa na nywila za kiwandani, na tangu nisome habari hiyo sitaki mtu nisiyemjua anichungulie ndani mwangu.

Kamera ikiwa imekufa, nikawa namhoji dada wa kazi kila nikirudi: mtoto kala saa ngapi, nani kabisha hodi. Siku ya tatu akanijibu kwa upole, "Mama, siku hizi simu haionyeshi?"

Nikaishiwa maneno. Sikuwahi kumwambia kwamba namtazama nikiwa kazini. Kumbe miezi yote hiyo alijua.

Je, niliyemkabidhi mwanangu nilimwamini yeye, au niliiamini kamera? Mimi najilinda kwa nywila ndefu nisichunguliwe. Yeye nani alimwomba ruhusa?

Jana nikagundua faili nililopakia lilikuwa la modeli nyingine. Nikaweka lililo sahihi, kamera ikafumbua jicho. Kabla sijaiunganisha na simu nikamwita dada, nikamwonyesha inaona wapi na inazimwa vipi. Akacheka, akauliza, "Na mimi naweza kukuona wewe?"

Sijamjibu bado.