Lugha ya Jarida na Deni la Msomaji

Je, jarida laweza kuitwa sauti ya wanawake, ikiwa wengi wa wanawake hao hawaijui lugha yake?

Mwaka 1964, mjini Dakar, Annette Mbaye d'Erneville na wenzake walianzisha jarida la utamaduni la mwanamke mweusi kwa lugha ya Kifaransa. Jina lake, AWA, ndilo Hawa kwa matamshi ya huko. Lilitoka kwa vipindi hadi 1973, kisha likanyamaza. Mkosoaji atasema kuwa mama wa sokoni, asemaye Kiwolofu, alipewa jina akanyimwa maneno.

Shutuma hiyo ina uzito, lakini Ufipa yatufundisha kupima kabla ya kuhukumu. Mwaka 1913 Askofu Lechaptois alichapisha kwa Kifaransa kitabu juu ya watu wa kando ya Tanganyika, Wafipa wakiwamo. Humo Mfipa alikuwa habari. Hakuwa mwandishi wala msomaji. Katika AWA lugha ilikuwa ile ile, bali kalamu ilishikwa na mwanamke wa Kiafrika mwenyewe. Tofauti hiyo si ndogo.

Tena, nyani haoni kundule. Sisi twajivunia Sauti ya Siti, jarida la Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania lililoanza 1988, likamuenzi Siti binti Saad, ambaye aliimba bila ya kusoma shule. Lakini kwa bibi wa kijiji cha Ufipa aliyelelewa kwa Kifipa kitupu, Kiswahili nacho ni lugha ya kuazima. Tukimlaumu mwandishi wa Dakar, bibi huyo ana haki ya kutulaumu sisi.

Basi kosa haliko katika kuandika kwa lugha ya wachache. Liko katika kuyaacha maandishi yaishie kwa wachache hao. Mkulima wa Ufipa hufukia nyasi chini ya tuta la mviringo zikaoza. Tuta hilo halihifadhiwi kama pambo: baadaye huvunjwa, udongo wake ukatandazwa, na ulezi ukapandwa shamba zima. Elimu ya jarida ni tuta. Ajuaye kusoma amekopeshwa, na deni lake hulipwa siku anapoketi jikoni kwa mama yake, akamsimulia kwa lugha ya nyumbani aliyoyasoma, kisha akanyamaza ili asikie jibu lake.