Kutunza Kitu ni Nini?



Katika maneno ambayo sisi walimu huwaambia watoto kila siku pasipo kuyafikiri sana, limo neno hili: Tunza. Twasema, Tunza daftari lako, tunza nguo zako, tunza maji, tunza mali ya wazee wako. Mtoto husikia, huitikia, kisha huenda zake. Lakini siku moja mtoto wa darasa la nne aliniuliza, "Mwalimu, nikilitunza daftari langu nisiliandike kabisa, je, halitakaa zuri zaidi?" Wenzake wakacheka, nami nikacheka pamoja nao. Nilipofika nyumbani sikucheka tena, kwa kuwa naliona ya kwamba swali lile lilikuwa kubwa kuliko yule aliyeliuliza, tena lilinigusa mahali penye kidonda. Tangu siku ile nimelifikiri mara nyingi, na haya ndiyo niliyoyapata.

Na tuanze na vitu vidogo vya nyumbani, maana humo ndimo tabia ya mtu huonekana. Ingia leo katika nyumba nyingi, utaona kabati la kioo limejaa vikombe na sahani za wageni. Wenyeji wenyewe hunywea vikombe vilivyopasuka. Mgeni akija huonekana hajawa mkubwa wa kutosha, basi vikombe hungoja mgeni mwingine. Viti vipya havivuliwi nailoni yake, na watoto wa nyumba huketishwa chini wasije wakavichafua. Shati la sikukuu hukaa sandukuni hata mwenyewe anenepe. Tena iko simu. Mtoto akisimama mbele ya watu siku ya kufunga shule, kuimba au kusoma, wazazi huinua simu zao wote pamoja, wakaificha nyuso yao nyuma yake. Yule mtoto hutafuta macho ya mama yake asiyaone. Mama husema moyoni, "Nitamtazama vizuri baadaye." Baadaye hiyo haiji, picha ni maelfu, na siku moja simu huanguka majini, zikapotea zote. Ukiwauliza watu hawa wafanyalo, watakujibu, "Twatunza." Wala hawasemi uongo.

Lakini sina haki ya kuwacheka, na sababu yake nitaieleza. Mama yangu alikuwa na kibuyu cha kusukia maziwa. Alipewa na mama yake siku alipoolewa. Shingo yake ilikuwa nyeusi kwa moshi, na ubavuni palikuwa na ufa wa zamani ulioshonwa kwa ustadi sana, hata tone moja halikupita. Kila asubuhi alikiosha kwa maji ya moto, akakifukiza, akatia maziwa, akaketi mlangoni akikisukasuka juu ya mapaja yake, huku akisemezana na wapitao njiani. Sauti ile ya maziwa ndani ya kibuyu ndiyo iliyotuamsha sisi watoto.

Nilipopata kazi na mshahara, nalimletea mama chombo kizuri cha plastiki chenye kifuniko, nikamwomba anipe kile kibuyu nikakitunze, kisije kikavunjika. Akaniambia, "Mwanangu, kibuyu hiki kimedumu kwa sababu nakitumia." Nami nalimjibu kama mtu aliyesoma, ya kwamba kitu cha kale ni hazina, na hazina haiwekwi mahali pa kuanguka. Akanitazama kidogo, akanipa. Maana mama hamnyimi mwanawe.

Nikakitundika ukutani kwangu. Wageni walikisifu sana. Mama alitumia kile chombo cha plastiki muda mchache tu, kisha akaacha kusuka maziwa, akisema ya kuwa mikono imechoka. Mwaka wa pili kibuyu kilikauka kabisa, wadudu wakakitoboa, na ule ufa ulioshonwa na bibi ukafunguka toka juu hata chini. Sikumwambia mama. Kila aliponiuliza, nalimjibu, "Kipo, mama." Alifariki akiamini kwamba kipo.

Nimeyatoa haya yangu kwanza, ili msomaji asidhani kwamba nawahukumu wengine katika hayo nitakayosema sasa juu ya nchi yetu ya Kolo.

Kolo ni mji mdogo katika wilaya ya Kondoa, kaskazini ya mji wa Kondoa wenyewe, katika njia kuu itokayo Dodoma kwenda Babati na Arusha. Magari hupita upesi juu ya lami, na wasafiri wengi hawajui ya kuwa katika vilima vya upande wa mashariki, chini ya miamba mikubwa, zimo picha zilizochorwa na watu wa kale kwa rangi nyekundu: watu warefu wembamba wenye nywele za ajabu, twiga, tembo na pofu. Ziko nyingine nyeupe, zilizochorwa baadaye na watu wa kilimo na mifugo. Miamba yenye picha katika nchi hii yapita 150. Mwaka wa 1951 Mary Leakey alikuja akazinakili nyingi kwa mkono, na mwaka wa 1983 akatoa kitabu ambacho jina lake lasema kwamba sanaa hii ya Afrika inatoweka. Mwaka wa 1964 nchi yetu ilitunga Sheria ya Mambo ya Kale, na mwaka wa 2006 UNESCO ikaziandika picha za Kondoa katika Urithi wa Dunia. Basi picha hizi zina watunzaji wengi.

Lakini mahali pale palikuwa na watu wake kabla ya kufika watunzaji. Mwamba mmoja, uitwao Mungomi wa Kolo, tangu zamani ni mahali pa wenyeji pa kuombea mvua na kutafutia uponyaji. Desturi moja ya tambiko ilikuwa kuurushia mwamba pombe ya kienyeji. Wenye elimu ya kuhifadhi waliona ya kwamba pombe ile huharibu rangi za picha, wakataka iachwe. Nani asiyeona kwamba walikuwa na haki? Rangi ikifutika, hairudi. Lakini nani asiyeona pia haki ya yule aliyeambiwa kwamba mahali alipoombea babu yake sasa ni pa kutazama tu? Tena ajabu ni hii: UNESCO ilipopaandika mahali hapa, haikutaja picha peke yake, ilitaja pia matambiko ya wenyeji ambayo yaliendelea bado, kuwa ni sehemu ya thamani yake. Basi ukitunza rangi kwa kuwafukuza waombaji, umetunza nusu na kuua nusu. Siandiki hapa kuyatetea matambiko wala kuyashutumu. Kila msomaji ana imani yake. Nataka tulitazame neno lenyewe la kutunza.

Siku moja nalipanda huko pamoja na watoto wa shule. Njiani tulikutana na mzee mmoja wa Kirangi, tukamwamkia, naye akapanda pamoja nasi polepole. Tulipofika, watoto wakaanza kuhesabu twiga. Nikamwuliza mzee, "Babu, ninyi zamani mlizionaje picha hizi?" Akanyamaza kidogo, akasema, "Mwalimu, sisi hatukuja kuona picha. Tulikuja mahali." Hakuongeza neno. Nami nalikumbuka ukuta wangu na kibuyu changu. Kwa kuwa mimi nalikuwa na picha ya kibuyu, na mama ndiye aliyekuwa na kibuyu.

Fikirini tena jambo hili. Iko picha moja ya Kolo yenye watu watano. Mary Leakey aliona kwamba ni mwanamke anayevutwa huku na huku, wawili wataka kumchukua, na wawili wamzuia. Wataalamu wengine waliokuja baadaye walisema si hivyo, bali ni tendo la ngoma au la uganga. Twaweza kuilinda picha ile na jua na mvua na mikono ya watoto. Lakini maana yake twaikisia tu, kwa sababu walioitumia hawapo wa kuulizwa. Yafaa tujihadhari basi, tusije tukawatendea vivyo hivyo walio hai.

Hapa msomaji mwenye akili ataniuliza: Je, wasema kila kitu kitumiwe tu hata kiishe? La, hasha. Na nchi hii hii ya Kondoa yatufundisha upande wa pili.

Vilima vya Irangi vilikuwa na watu wengi na ng'ombe wengi. Miti ilikatwa, majani yakaliwa hata mizizi, mvua ikachukua udongo, yakatokea makorongo ambayo mtu akisimama ndani yake haonekani. Mwaka wa 1973 serikali ilianzisha kazi ya Hifadhi Ardhi Dodoma, iliyojulikana kwa jina la HADO. Makinga maji yakachimbwa, miti ikapandwa. Hata hivyo ardhi haikupumzika, na mwaka wa 1979 ikatolewa amri ngumu: mifugo yote itoke katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Wanyama zaidi ya 80,000 waliondolewa. Majani yakarudi, miti ikasimama, makorongo mengi yakaacha kukua. Atakayesema kwamba amri ile haikuiponya ardhi, na aje apande kilima atazame.

Lakini ng'ombe si jani la kuondolewa tu. Ng'ombe ni maziwa ya mtoto, mbolea ya shamba, mahari ya kijana, akiba ya mjane. Aliyekuwa na jamaa mbali aliwapeleka wanyama wake kwao; asiye na jamaa aliwauza. Hata mwaka wa 1989 ndipo njia ya kufuga ng'ombe zizini na kuwaletea majani ilipoanza kufundishwa, ili maziwa yarudi pasipo ardhi kuharibika. Hesabuni wenyewe: kutoka 1979 hata 1989 ni miaka kumi. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa amri alifika umri wa kuchunga pasipo kuwa na cha kuchunga. Ardhi ilitunzwa kwa faida ya wote, wa Kondoa na wa mbali, na wa vizazi vijavyo. Lakini gharama ililipwa na wale waliokuwa na ng'ombe vilimani.

Basi naona ya kuwa mtu atakaye kutunza kitu yampasa ajiulize maswali matatu kabla hajafunga mlango.

La kwanza: Matumizi haya yanakila kitu, au yanakilisha? Kuna matumizi yanayokula. Ng'ombe wengi kupita kiasi walikuwa wakiila ardhi. Kadhalika wako watu wanaochimba chini ya miamba ya picha wakitafuta mali wanayodhani Wadachi waliificha wakati wa vita, kabla ya kushindwa hapa Kondoa mwaka wa 1916; hao hawatumii mahali, wanapaharibu, wala hawastahili huruma ya mtu. Lakini kuna matumizi yanayokilisha kitu. Mkono wa mama ulikilisha kibuyu kwa maji ya moto na moshi na maziwa. Nalipouondoa mkono, nalikiua kwa njaa.

La pili: Namtunzia nani? Mwenye vikombe vya kabatini, na ataje jina la mgeni anayemngoja. Kama hana jina, basi watoto wake ndio wageni wake, na wapewe vikombe. Mimi nikiulizwa kibuyu nalimtunzia nani, jibu la kweli ni hili: nalijitunzia mimi sifa ya wageni.

La tatu, nalo ndilo gumu: Gharama ya utunzaji huu yalipwa na nani? Ni rahisi sana kutunza kwa mali ya mtu mwingine. Mimi nilitunza kibuyu, mama akalipa kwa siagi yake na kwa asubuhi zake mlangoni. Mji hutunza kilima, mchungaji akalipa. Mtalii hupenda picha zikae salama, mwombaji akalipa. Sisemi kwamba gharama isilipwe. Mara nyingine sharti ilipwe, kama ilivyokuwa kwa ardhi ya Kondoa. Nasema tu kwamba anayefaidi na ashiriki kulipa, na anayelipa aulizwe kwanza, tena jibu lake lisikilizwe. Zamani baadhi ya miamba hii ilizungushiwa uzio wa miti na wavu wa chuma. Watu wakang'oa ile miti na ule wavu kidogo kidogo, wakaenda kuvitumia kwao. Uzio usio na jirani anayeupenda ni kuni tu.

Nalirudi kwa yule mtoto wa daftari. Nikamwambia, "Daftari lisiloandikwa halijawa daftari, ni karatasi. Liandike, lakini usilichanechane kwa kuchezea. Na likijaa, usilitupe, maana humo mna kazi yako." Akafurahi, akaenda kucheza. Kwa mtoto yatosha.

Kwetu sisi watu wazima bado ni vigumu, na mwenye neno la kuongeza na aandike katika kurasa hizi, tufaidiane. Mimi namalizia kwa neno moja tu kwa kijana aliye na mama. Ukirudi nyumbani likizo hii, ukamkuta mlangoni na kibuyu chake cha kale, usimwombe akupe ukakitunze, wala usiharakishe kutoa simu. Keti chini, ungoje maziwa yaive, unywe.