Ukienda Naivasha Kutazama Magari

Mpira una uwanja wenye ukuta, geti na viti. Ngumi zina ulingo na kamba zake. Safari Rally haina lolote kati ya hayo. Gari lenye uzito wa zaidi ya tani moja linakata kona ya vumbi pale Kedong au Soysambu, katika Bonde la Ufa, likiwa upande upande, na kati yake na wewe pana utepe tu, pengine hata utepe wenyewe umeng'olewa na upepo. Hakuna mwandaaji duniani awezaye kuzungushia ukuta barabara zote za mashindano haya. Ukuta uliopo ni adabu ya mtazamaji. Ndiyo maana nashika kalamu kukuusia, ndugu yangu shabiki, kabla hujafungasha hema na kushika njia ya Bonde la Ufa: katika mchezo huu tabia njema na uhai havitenganishwi.

Mazoea yetu mengi tumeyarithi. Mashindano haya yalianza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika, na barabara zilibaki wazi kwa watu wote. Dereva wa mashindano alipishana na mabasi, malori, punda na makundi ya ng'ombe, hata timu kubwa zikafikia kurusha helikopta mbele ya magari yao ili kumwonya dereva juu ya kilichopo njiani. Mwaka 1965 mtu aliweza kusimama mlangoni mwa duka lake, akamwona Joginder Singh na nduguye Jaswant wakipita na Volvo yao kuelekea ushindi, akawapungia mkono. Gari likizama kwenye tope, kijiji kizima kililisukuma. Ni kumbukumbu tamu, nami sipendi zisahaulike. Lakini Safari ya namna hiyo iliishia 2002, Kenya ilipotoka kwenye kalenda ya ubingwa wa dunia. Iliporejea 2021 ilikuja na mikondo, yaani vipande vifupi vya barabara vilivyofungwa, mingi ikiwa kandokando ya Naivasha na Elmenteita, ambamo magari yanakimbizwa kwa nguvu zote tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Anayesimama leo alipozoea kusimama babu yake hajui anachokisogelea.

Basi, la kwanza ni kufika mapema. Mkondo hufungwa saa nyingi kabla ya gari la kwanza kuondoka, na aliyechelewa ndiye huanza kutafuta vichochoro: kukata seng'enge ya shamba la mtu, kumbembeleza askari kwa noti, kupenya vichakani kwa miguu. Ukikuta njia imefungwa, kubali. Mikondo mingi hukimbiwa mara mbili, asubuhi na mchana. Ulichokosa saa mbili utakipata baada ya chakula. Na ukikata kichaka pale Hell's Gate au Soysambu, kumbuka kwamba nyati hajaambiwa kuna mashindano.

Ukifika, mtafute mashali, yaani msimamizi wa njia, aliye karibu umsalimie. Wengi wao wanajitolea. Wameamka usiku wa manane, wakaletwa kwa lori, watashinda juani hadi magari yote yaishe, na kazi yao kubwa siku nzima ni kuwaambia watu wazima warudi nyuma. Akikuambia rudi, rudi. Usimwulize yeye ni nani, usimwambie umeanza kutazama Safari kabla hajazaliwa. Utepe mwekundu ni marufuku kuvuka, wa kijani ndio unaoonyesha mahali pa watazamaji. Kundi moja likikaidi, wakubwa wa mashindano wana uwezo wa kufuta mkondo mzima, na maelfu waliotii warudi nyumbani bila kuona gari. Ubishi wa mtu mmoja kwa mashali huwadhulumu wote waliosimama kilimani.

Juu ya mahali pa kusimama sitafupisha. Panda juu ya usawa wa barabara, kwenye kilima au ukingo, na uwe mbali kuliko moyo unavyotaka. Usisimame upande wa nje wa kona, maana gari likishindwa kupinda huko ndiko linakokwenda. Usikae pia pale ndani ambapo magurudumu hukata kona, wala usishuke mtaroni. Angalia nyuma yako: una pa kukimbilia, au umeziba njia yako mwenyewe kwa kiti, mwamvuli na boksi la vinywaji? Usiipe barabara mgongo. Mtoto mshike mkono tangu unaposikia helikopta, usingoje hadi uone gari. Helikopta husikika kwanza, kisha filimbi za mashali kona baada ya kona, kisha mlio wa injini, na nyuma yake vumbi. Vumbi la Naivasha ni la majivu ya volkano, laini kama unga, na linaning'inia hewani. Likishatanda huoni kitu, na dereva wa gari linalofuata naye haoni vizuri. Dakika hiyo ndiyo watu huvuka barabara wakidhani shughuli imepita.

Kuna siku moja ambayo kila shabiki anapaswa kuijua. Machi 1986, kwenye milima ya Sintra nchini Ureno, watazamaji walijaa barabarani kabisa. Ulikuwa umeshakuwa mchezo: kusimama katikati ya njia na kufunguka kama pazia gari linapowakaribia. Mreno Joaquim Santos alikuja na Ford RS200 yake, akakuta watu mbele yake, gari likamponyoka na kuparamia umati. Watu watatu walikufa na zaidi ya 30 walijeruhiwa. Madereva wa timu za viwanda walikubaliana kutoendelea, wakajitoa. Waliosimama pale hawakuwa wahalifu. Walikuwa mashabiki wapenzi kama wewe na mimi, na mapenzi yao ndiyo yaliyowafikisha katikati ya barabara. Ukimpenda dereva, mpe barabara yake. Hakuna jambo linalomvunja dereva moyo zaidi kuliko kuingia kona akiwa hajui kama vichwa anavyoviona vitaondoka.

Sasa tuseme gari limepinduka mbele yenu. Mwili utataka kukimbia. Ngoja kwanza, tazama juu barabarani, kwa maana gari jingine liko njiani na litafika baada ya dakika chache. Kila gari limebeba kibao chenye pande mbili: upande mmoja OK kwa kijani, upande wa pili SOS kwa nyekundu. Dereva na mwelekezi wake wakiwa salama watauonyesha upande wa kijani kwa magari yanayofuata, na watatembea kurudi nyuma kuweka pembe tatu nyekundu kandokando ya barabara. Kazi yenu ninyi ni kuacha njia wazi ili kibao na pembe vionekane. Mkijipanga mbele ya kibao na simu, mmekifunika. Ikiwa wanahitaji watu wa kusukuma, watawaita wenyewe, na hapo karibuni kwa mikono yote, desturi ya wazee wetu ingali hai. Kama mtu ameumia, mwachieni daktari nafasi, na picha yake isitoke kwenye simu yako. Ana mama mahali fulani ambaye hajapigiwa simu.

Nina jambo linaloniuma, nalo ni la heshima zaidi kuliko la hatari, ijapokuwa hatari imo pia. Magari ya nyota wa dunia hutangulia. Wakishapita Sébastien Ogier, Elfyn Evans na wenzao, utaona umati unainuka, unakunja viti, unamwagika barabarani kutafuta matatu. Nyuma yao wanakuja vijana wetu. Wanakuja na magari yaliyonunuliwa kwa mikopo na michango ya familia, kwenye njia ambayo magari ya mbele yameshaichimba mifereji, wakikuta migongo ya watu wa nchi yao. McRae Kimathi alikwenda Sweden mwaka 2022 kukimbia kwenye theluji, Mkenya aliyezoea vumbi, na akamaliza mashindano. Kijana wa namna hiyo akipita mbele yako nyumbani kwake, simama. Mpigie makofi wa mwisho kama ulivyompigia wa kwanza, pengine zaidi, kwa kuwa wa mwisho amepigana na njia iliyo mbovu kuliko wote. Mkondo haujaisha hadi lipite gari la waandaaji linalofagia nyuma. Kabla ya hapo barabara si yako.

Halafu kuna ardhi. Hell's Gate ni hifadhi ya taifa. Soysambu ni hifadhi pia, makao ya twiga, na Ziwa Elmenteita linalopakana nayo limo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2011. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja hazikubaliwi katika hifadhi za taifa. Chupa ya maji ya dukani ni mojawapo. Beba maji kwenye chupa ya kudumu, chakula kwenye kontena, na urudi na kila ulichokwenda nacho pamoja na kile ambacho jirani yako amesahau. Kipisi cha sigara kikitupwa kwenye nyasi zilizokauka na vichaka vya leleshwa kinaweza kumaliza kilima kizima. Wanaopiga kambi ufukweni mwa Ziwa Naivasha wasikilize sana: usiku viboko hutoka majini kuja kula majani. Uzio uliowekwa na mwenye kambi haukuwekwa kwa mapambo. Usishuke ziwani gizani kupiga picha, wala kujisaidia, wala kutafuta faragha na mtu.

Ndege zisizo na rubani ziache nyumbani. Sheria ya Kenya inataka kibali kuzirusha, na angani pale pana helikopta zinazoruka chini.

Wenyeji nao wana haki zao. Mgeni njoo, mwenyeji apone: mama wa Karagita anayechoma mahindi au kukaanga samaki kando ya Moi South Lake Road ameisubiri wikendi hii mwaka mzima. Nunua kwake, lipa bei mliyopatana, usimwombe punguzo huku mkononi umeshika kinywaji cha bei mara kumi. Mfugaji wa Kimaasai akitaka kuvusha mifugo kwenda majini, msogezee gari lako. Muziki upungue usiku ukiwa mkubwa. Watu wa Naivasha wana watoto, wagonjwa, na ibada ya Jumapili, na wengi wao wana zamu ya alfajiri kwenye mashamba ya maua.

Siku hizi wengi huenda Naivasha kwa sherehe, magari yakiwa kisingizio. Sina ugomvi na sherehe. Nina ugomvi na kijana anayedhani kwamba msichana aliyekuja kutazama mbio amekuja kwa ajili yake. Wanawake wana historia katika mbio hizi: Michèle Mouton alimaliza Safari ya 1983 katika nafasi ya tatu akiendesha Audi, mbele ya wanaume wengi waliosifika. Dada aliye karibu nawe kilimani huenda anajua zaidi yako juu ya matairi na njia za magari. Mwongeleshe kama shabiki mwenzako, akinyamaza, mwache. Ukiona mlevi anamsumbua, usigeuze uso. Ita wenzako, ita mashali au askari, simama kati yao.

Kwenye makao ya timu, pale Taasisi ya Utafiti na Mafunzo ya Wanyamapori mjini Naivasha, utawaona mafundi kwa karibu, na huo ni utamu wa pekee. Watazame wakibadilisha gia boksi huku saa ikiwahesabia. Gari likifika kituoni kwa kuchelewa, kila dakika moja inamgharimu dereva sekunde 10, kwa hiyo usimwite fundi atazame kamera yako. Dereva akitoka kusalimia watu, mtangulize mtoto. Wewe mtu mzima picha ya pamoja unaweza kuikosa ukaishi. Mtoto wa miaka minane ataikumbuka hadi uzeeni.

Yamebaki ya safari ya kurudi, na hapa ndipo ninapohofia zaidi kuliko kwenye kona yoyote ya Kedong. Jioni ya Jumapili, mkondo wa mwisho wa Hell's Gate ukishakwisha, maelfu ya magari huingia barabara ya Nairobi kwa wakati mmoja, na ndani ya mengi yao kuna kijana aliyeshinda akitazama mabingwa wakiteleza. Ana Subaru yenye ekzosi kubwa, damu inachemka, na marafiki watatu wanampigia kelele. Ndugu yangu, mabingwa wale walikuwa na kofia ngumu, vyuma vya kuzuia gari lisibonyee, mwelekezi anayewasomea kila kona, na barabara isiyo na mtu. Wewe mbele yako kuna lori la kitunguu lisilo na taa na familia ndani ya Probox. Ukiwa umekunywa, mpe ufunguo asiyekunywa, na kama wote mmekunywa, laleni. Usipite foleni kwa bega la barabara; huko kunatembea watu, na ambulensi ikija ndiyo njia yake. Ukiweza kuomba ruhusa kazini, ondoka Jumatatu baada ya chai, wakati barabara ya Mai Mahiu imeshapungua magari na macho yako yamepumzika.