Mbwa Asiyejua Kukataa

Mji wa Phoenix, Marekani, umejengwa jangwani, na wenyeji hupenda kupanda njia za vilimani pamoja na mbwa wao. Mwaka 2016 mji ulikataza mbwa katika njia hizo joto lifikapo digrii 100 za Fahrenheit, yaani karibu 38 za Selsiasi. Wako wanung'unikao: "Mbwa ni wangu, njia ina kivuli, tena mwenyewe apenda kuja."

Kivuli ni chema, lakini hakiondoi joto la hewa. Na mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi, hupoa hasa kwa kuhema. Tena kivuli kikatikapo, mawe yaliyopigwa na jua humwunguza nyayo, naye hana viatu.

Lakini neno linishughulishalo ni lile la kupenda. Mbwa humfuata bwana wake hata kufikia kuanguka. Hajui kusema, Leo sitaki. Je, asiyeweza kukataa amekubali? Nionavyo, hasha. Utii wake humzidishia bwana wajibu, maana ndiye pekee awezaye kuamua kwa ajili ya wote wawili. Basi na aondoke alfajiri, achukue maji ya wawili, na mbwa akijilaza chini ya mti asitake kuendelea, asimvute kwa kamba.