Mlipata Nini?

Mtaani kwetu West Indies, hapa Eldoret, tumeshaulizwa karibu kila kitu. Maji ya kunywa tunatoa wapi, tunalala wangapi chumba kimoja, mtoto alichanjwa lini, tukiumwa tunaenda hospitali au tunanunua dawa dukani tu. Ukiishi mji wenye chuo cha udaktari na hospitali kubwa ya rufaa, utaulizwa, upende usipende. Chuo Kikuu cha Moi kina wanafunzi wa uzamili wa afya ya umma na epidemiolojia. Kila mmoja lazima aandike tasnifu, na tasnifu inataka watu. Watu ndio sisi.

Swali langu ni moja: aliyekuuliza ana deni gani kwako?

Mimi si mtafiti. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokataa kupatikana, na kati ya makala moja na nyingine nimefanya vibarua vya kubeba hojaji mlango kwa mlango kwa niaba ya wanafunzi wa masters. Unapewa simu yenye maswali, unafundishwa kuhesabu nyumba, na unaonywa usiruke mlango uliochaguliwa hata kama kuna mbwa.

Hilo la kutoruka mlango ndilo moyo wa sayansi yenyewe. Ukihoji wanaopatikana mchana peke yao utapata wagonjwa, wasio na kazi na wenye watoto wachanga, halafu utaandika kwamba mtaa mzima uko hivyo. Kwa hivyo yule jamaa wa bodaboda anayerudi saa tano usiku, amechoka, hataki stori na mtu, jibu lake ni la thamani. Unamrudia mara mbili, mara tatu. Unamsihi. Ana haki ya kukataa, fomu inasema hivyo, lakini kila anayekataa anaipotosha hesabu kidogo. Ombi la aina hiyo si dogo, na mara nyingi tunaliomba kama mtu anayeomba kiberiti.

Kabla ya swali la kwanza unamsomea ridhaa. Kuna mahali inasema huenda asipate faida ya moja kwa moja, ila utafiti utaisaidia jamii. Mama mmoja alinisikiliza mpaka hapo, akaniuliza, "Sawa, kijana wangu. Na wale wa mwaka jana waliokuja na mzani, walipata nini?"

Nikamwambia hao walikuwa wengine, siwajui.

"Haya, andika yangu. Lakini ukikutana nao waambie bado nangoja."

Hakuomba pesa, na hapo ndipo wengi wanapokosea hesabu. Wanasema lipa watu, mambo yaishe. Kipande cha sabuni, hela ya nauli, sawa, muda wa mtu una bei na ni vizuri ulipwe. Lakini huyu mama alikuwa ameshatoa muda wake. Alichodai ni kujua uzito wake ulikwenda kusema nini huko ulikokwenda.

Sayansi hii ilikuwa na mwanzo mzuri kwa jambo hili. London, 1854, kipindupindu kinaua watu Soho, na daktari John Snow anafuatilia nyumba za waliokufa akitaka kujua walikuwa wanakunywa maji ya wapi. Majibu yakaelekea kwenye pampu ya mtaa wa Broad Street. Akayapeleka kwa viongozi wa parokia, na tarehe 8 Septemba mpini wa pampu ukang'olewa. Snow mwenyewe alikubali kwamba huenda ugonjwa ulikuwa umeshaanza kupungua. Hata hivyo, waliojibu maswali waliona kwa macho yao majibu yao yamefanya nini, tena palepale walipoulizwa.

Na kwetu pia imewahi kutokea. AMPATH, mpango ulioanzishwa 2001 na Moi pamoja na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, ulipopeleka upimaji wa virusi vya Ukimwi nyumba kwa nyumba huku magharibi mwa Kenya, aliyetoa tone la damu alipata jibu lake papo hapo, na kliniki ya kwenda.

Tasnifu haiko hivyo. Jibu lake linakuja baada ya miezi, ni asilimia na wastani, na halimhusu mtu yeyote kwa jina. Rafiki yangu mmoja aliyemaliza masters alinijibu bila kupindisha: "Bana, nilikuwa na msimamizi anayetaka sura ya nne na akaunti tupu. Baraza ningeliita na nini?" Simlaumu. Tena alikuwa na hoja nzito zaidi: utaueleza vipi mtaa kwamba ugonjwa fulani umejaa kwao, bila kesho watu wa mtaa wa pili kuanza kuwanyooshea kidole? Majibu yanaweza kuumiza. Nakubali. Ila hiyo ni sababu ya kuyarudisha kwa uangalifu, na sioni inavyogeuka kuwa sababu ya kunyamaza.

Wakimya wanajazwa na uvumi. Pwani na hata huku magharibi wazee wanajua habari za mumiani, wale wanaosemekana kunyonya damu za watu na kuiuza. Watafiti wa KEMRI kule Kilifi wamekutana na minong'ono ya damu, na mojawapo ya dawa zao ikawa kuweka wawakilishi wa jamii wa kuzungumza nao. Watu wengine huicheka minong'ono hiyo. Mimi naisikia kama malalamiko: kuna kitu kimetoka kwetu, na hakuna aliyerudi kutuambia kilikwenda wapi.

Tena si suala la fadhila. Azimio la Helsinki, linaloongoza madaktari wa dunia wakifanya utafiti kwa binadamu, katika toleo la 2013 linataka washiriki wote wapewe nafasi ya kuelezwa matokeo ya jumla. Mwanafunzi analisoma hilo, anapita mtihani wa maadili, anapata kibali. Halafu chuo kinamdai nakala za tasnifu, kwa Kiingereza, na hakuna anayemuuliza kama alirudi mtaani. Digrii haimngoji mama wa mzani. Ningekuwa na sauti kwenye chumba kile wanakotetea tasnifu, swali langu la kwanza lingekuwa hilo, kabla ya lile la ukubwa wa sampuli.

Fomu ya ridhaa tayari ina nafasi ya sahihi, ya tarehe, na namba ya simu ya kamati ya maadili ukitaka kulalamika. Kuandika lini na wapi majibu yatasomwa, kwa Kiswahili, kungechukua mstari mmoja.