Mgonjwa na Kazi Yake

Liko swali ambalo twalisikia mara kwa mara likiulizwa kwa sauti ya chini, nalo ni hili: Mtu mwenye ugonjwa wa kudumu yampasa kuendelea na kazi yake hata lini? Akiiweka chini kabla ya umri wa kustaafu, je, ametenda kwa busara, au ameukimbia wajibu wake? Swali hili si dogo, maana ndani yake mna chakula cha watoto, na heshima ya mtu, na haki ya wale wanaotumikiwa naye. Basi na tulipime pamoja.

Kwanza tujue ni ugonjwa gani tunaousema. Malaria humwangusha mtu leo, naye akipata dawa, baada ya siku chache hurudi shambani. Lakini kisukari, kifafa, selimundu, au ugonjwa wa figo haviendi hivyo. Huingia nyumbani kama mgeni asiyeaga. Zamani wengi wa wagonjwa hawa walikufa upesi. Mpaka mwaka 1921 mtoto aliyeshikwa na kisukari kikali hakuwa na tumaini. Lakini mwezi wa Januari 1922, katika mji wa Toronto, kijana Leonard Thompson alipigwa sindano za insulini, akaishi hata mwaka 1935. Tangu hapo dawa zimezidi, na hivyo wameongezeka watu ambao si wazima, wala si wa kufa kesho. Asubuhi waonekana wana nguvu, jioni hawawezi kuinua mkono. Desturi zetu zamjua mzima, na zamjua mgonjwa wa kitandani. Huyu wa katikati hazijampatia kiti.

Kwa sababu hiyo watu humhukumu kwa macho. Mmoja asema, "Mbona uso wake ni mzuri? Huu ni uvivu tu." Mwingine asema, "Maskini, na aache yote, akae kivulini." Yule wa kwanza amnyima haki ya kuchoka, huyu wa pili amnyima haki ya kufaa. Wala hakuna aliyemwuliza mwenyewe.

Naye mgonjwa, akiona anahukumiwa hivi, huanza kuficha. Lakini wazee walisema kweli: mficha maradhi, kilio humfichua. Dereva wa basi afichaye kifafa chake haiweki hatarini nafsi yake peke yake, bali na abiria wote. Karani mwenye ugonjwa uleule aweza kuandika vitabu vyake miaka mingi asimdhuru mtu. Kumbe ugonjwa ni mmoja, na wajibu ni mbali mbali. Kwa hiyo kipimo cha kwanza si jina la ugonjwa, bali ni hiki: Kazi yangu ikiharibika kwa udhaifu wangu, ni nani atakayeumia?

Kipimo cha pili: Je, kazi yenyewe yaweza kugeuzwa kidogo? Mwalimu asiyeweza kusimama saa nzima aweza kufundisha ameketi. Mtu ambaye damu yake husafishwa kwa mashine mara tatu kila juma, kiasi cha saa nne kila mara, hawezi kushika zamu kama wenzake, lakini huenda aweza kushika nusu yake kwa uaminifu. Katika Tanzania bara, sheria ya kazi ya mwaka 2004 yampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara wote, na 63 za pili kwa nusu mshahara. Na kanuni za mwaka 2007 zamtaka mwajiri atafute njia nyingine kabla ya kumwondoa mgonjwa kazini. Haya si sadaka. Atumiaye haki hii hawaibii wenzake, maana imewekwa kwa ajili ya kila mmoja, na hakuna ajuaye zamu yake itakuja lini.

Kipimo cha tatu ndicho kigumu: Ni nani asemaye ndani yangu ninaposema, "Nitaendelea"? Huenda ni upendo wa kazi, nao ni mwema. Huenda ni hofu ya njaa, nayo si aibu. Anayemwambia baba wa watoto watano apumzike, asiulize watakula nini, amesema maneno mepesi. Lakini huenda pia ni kiburi, kinachonong'ona kwamba pasipo mimi hapana kitu kitakachokwenda. Mwenye kusikia sauti hii na ajue kwamba mwenzake wa chumba cha pili huenda amekuwa akimaliza kazi yake kimya kimya, siku baada ya siku.

Tuna mifano miwili mbele ya ulimwengu wote. Papa Yohane Paulo wa Pili alishikwa na ugonjwa wa kutetemeka, asiache kazi, akafa nayo mwezi wa Aprili 2005, hali watu wote wameuona udhaifu wake. Aliyemfuata, Benedikto wa Kumi na Sita, alitangaza mwezi wa Februari 2013 kwamba nguvu zake hazitoshi tena kwa kazi hiyo, akamwachia mwingine. Watu walishindana: ni yupi aliyetenda vema? Sisi twaona kwamba hakuna sababu ya kumhukumu mmoja kwa mwingine. Wote wawili hawakuficha. Huyu alibeba mzigo wake waziwazi, na yule aliutua waziwazi.

Wala tusisahau kwamba kustaafu kwa ugonjwa ni mlango wa wachache. Mwenye ajira ana waganga wa kumpima na mfuko wa kumlipa kitu. Mkulima na mama auzaye ndizi sokoni mara nyingi hana lolote la hayo. Mfuko wake ni jirani zake, na jirani wakikaa kimya, mfuko huo ni mtupu.

Basi twajibu hivi: Mtu na aendelee maadamu kazi yafaa wanaotumikiwa naye haimwui yeye; na ikipita hapo, aiweke chini bila haya. Mshahara waweza kukoma, utu haukomi. Mwalimu aliyestaafu bado ajua kusoma, na mtoto wa jirani bado hajui. Nasi tulio wazima tusingoje mpaka mgonjwa aombe. Tumwendee mwezi huu huu, tumwulize maneno mawili: Ni kazi gani unayoiweza bado? Na ni mzigo gani tukupokee?